Kubadilisha wota pampu ya RAV4 ya zamani yenye injini ya 3S-FE

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Pampu ya maji inavuja, naweza kuibadilisha bila kugusa taimingi?" Kwenye 3S-FE huwezi. Pampu yake haizungushwi na feni belti ya nje. Inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe (ule wa ndani unaounganisha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti inayofungua valvu), na imejificha nyuma ya kava, chini ya altaneta, kwenye uwazi ambao mkono mmoja tu unaingia kwa shida. Ndiyo maana pampu ya bei ndogo inaweza kuwa na gharama kubwa ya ufundi.

Mwongozo huu ni wa RAV4 za 1994 hadi 2000. Kazi ni ile ile, kwa tofauti ndogo ndogo za mabomba na mabano, kwa Ipsum SXM10 na kwa Carina, Corona na Caldina zilizofungwa 3S-FE iliyolala kwa upana wa gari. Haukufai kwa Noah na TownAce za SR40 na SR50: injini ni hiyo hiyo, ila imekaa chini ya viti na njia ya kuifikia ni nyingine kabisa. Haukufai pia kwa injini zilizoandikwa D-4. Hizo ni 3S-FSE, na ukikosea taimingi valvu zinagonga pistoni. Kwenye 3S-FE ya kawaida, kosa la taimingi litakusumbua lakini halivunji injini.

Anayefanya mara ya kwanza atenge siku mbili. Usianze Jumapili mchana huku Jumatatu asubuhi unalihitaji gari.

Kwanza hakikisha ni pampu

Gari kuchemsha peke yake si ushahidi. Rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka na gasketi ya hedi vyote vinachemsha gari, na watu wengi wamenunua pampu mpya wakabaki na tatizo lile lile. Dalili za pampu ni maji yanayodondoka upande wa mkanda, ambao kwa gari la usukani wa kulia ni upande wa dereva, au mngurumo wa beringi unaobadilika unapokanyaga mafuta.

Injini ikiwa imezimwa, fungua kava ya juu ya taimingi, umulike kwa tochi. Pampu ina tundu dogo la kutolea maji pale sili yake inapochoka. Ukiona njia ya kutu au unga mkavu wa kulanti (maji ya rangi ya kupoozea injini) chini ya tundu hilo, kesi imekwisha. Ukiona ni oili, basi inayovuja ni sili, na yaelekea ni ile ya pampu ya oili, ugonjwa wa kawaida wa injini hii. Maji yanayotoka kwenye hozi ya chini au nyumba ya thamostati nayo hutiririka hadi hapo hapo, kwa hiyo kausha kwanza, washa injini, halafu angalia yanaanzia wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua bolti hata moja

Pampu inauzwa kwa namna mbili: pampu yenyewe, au pampu pamoja na nyumba yake ya alumini ya nyuma. Kama gari limeishi kwa maji ya kisima yenye chumvi, hasa ukanda wa pwani, nunua yenye nyumba. Ile ya zamani mara nyingi imeliwa mashimo mahali gasketi inapokaa. Izungushe kwa mkono dukani: iwe laini na nzito kidogo, bila kukwaruza na bila kucheza. Boksi lenye jina kubwa si dhamana, kwani maboksi yanaigizwa. Chunguza chuma, umaliziaji na uzito wake, ukiweza ilinganishe na ya zamani.

Pamoja nayo:

- gasketi ya kati ya pampu na nyumba, oringi (pete ya raba) ya nyumba kwenye bloku, na oringi ya bomba la chuma la kupitisha maji. Hakikisha hizi oringi zipo mkononi, kwa sababu baadhi ya paketi huja na gasketi peke yake
- mkanda mpya wa taimingi
- puli mbili za kupitishia mkanda, moja wapo ndiyo tenshena, yaani ya kukazia mkanda
- sili tatu: ya krenki mbele, ya kamshafti, na ya pampu ya oili
- thamostati ya nyuzi 82 na raba yake
- kulanti nyekundu, lita 8 ikiwa imeshachanganywa. Ukinunua nzito, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa, si ya bomba

Mkanda na puli si anasa. Toyota kwa magari ya Japani iliweka ubadilishaji wa mkanda kila kilomita 100,000, na magari mengi yaliyokuja kwa mtumba yana stika ya Kijapani karibu na injini yenye kilomita za mara ya mwisho. Herufi usizisome, soma namba. Kama hujui mkanda una umri gani, uhesabu umekufa.

Vifaa: soketi za 10, 12, 14, 17 na 19, ekstensheni ndefu na fupi, soketi yenye shingo inayokunjika, spana ya toki, jeki mbili, stendi mbili imara, kipande cha ubao, kipande chochote cha plastiki cha kukwangulia gasketi, rangi nyeupe au koreksheni ya kuwekea alama, na beseni. Agiza pia kwa mchomeleaji chuma bapa chenye matundu mawili kitakachofungwa kwenye puli ya krenki. Kazi ya chuma hiki utaiona hatua ya 5.

Kufungua

1. Acha injini ipoe kabisa. Chomoa waya hasi wa betri. Fungua mfuniko wa rejeta, kisha koki ya chini, umwage maji kwenye beseni. Koki hiyo ni ya plastiki iliyokaa miaka zaidi ya 20, igeuze kwa vidole, si kwa plaiya. Kulanti ina utamu na ni sumu: kuku, mbwa na watoto wasiifikie, na usiimwage mtaroni.

2. Inua mbele, weka stendi, toa tairi la mbele upande wa dereva na kizuia matope cha plastiki ndani yake. Kupitia hapo utaiona puli ya krenki. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

3. Legeza na utoe mikanda ya nje: wa altaneta na wa pawa stelingi. Toa altaneta nzima na bano lake la kurekebishia. Wapo wanaoisukuma pembeni tu, halafu wanahangaika saa mbili kwenye hatua ya 9. Itoe.

4. Weka ubao juu ya jeki ya pili, uegemeze chini ya sampu ya oili, uinue mpaka uzito wa injini uonekane umehamia. Bila ubao sampu itabonyea. Sasa fungua maunti (kishikio) ya injini upande wa dereva na bano lake. Kuna bolti ambazo hazitoki mpaka injini ishushwe kidogo au ipandishwe, cheza na jeki taratibu huku ukiangalia hozi zisivutike.

5. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi, halafu legeza bolti ya krenki, ya 19. Fanya hivi kabla ya kuweka alama za taimingi, kwa sababu krenki itasogea. Funga kile chuma bapa kwenye matundu mawili yenye nyuzi yaliyo usoni mwa puli, mwisho wake uegemee kitu kigumu, kisha ivute bolti kwa mpini mrefu. Gari la gia za mkono unaweza kuweka gia ya tano mtu akikanyaga breki. Mtindo wa kuegemeza mpini chini na kugonga stata unafahamika gereji nyingi. Unafanya kazi, ila mpini ukiponyoka unavunja mkono, na usiutumie kamwe kukazia.

6. Toa kava ya juu. Zungusha krenki kwa upande wa mshale wa saa mpaka mfuo wa puli ulingane na alama ya 0 kwenye kava ya chini. Angalia juu: tundu dogo la puli ya kamshafti lilingane na alama ya kishikio cha kamshafti nyuma yake. Ukiona hailingani, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi. Weka rangi nyeupe pote pawili, na upige picha kwa simu.

7. Toa bolti na puli ya krenki. Ikigoma, tumia kifaa cha kuvutia kinachofungwa kwenye yale matundu mawili. Usikamate ukingo wa nje kwa makucha: katikati ya puli kuna raba, utaichana. Toa kava ya chini na ile sahani ya kuongozea mkanda. Kumbuka upande wake wenye kikombe unaangalia nje.

8. Legeza bolti ya tenshena, isukume itanue springi yake, ikaze kwa muda, utoe mkanda. Kisha toa puli zote mbili na springi.

9. Hapa ndipo penye jasho. Chomoa hozi ya chini ya rejeta. Nyuma ya nyumba ya pampu kuna bomba la chuma linalokwenda kando ya bloku, limefungwa kwa nati mbili zilizo chini ya manifodi ya ekzosi. Huzioni vizuri, unazipapasa. Zipulizie mafuta ya kutu usiku uliotangulia, na toa bati la kukinga joto la manifodi kama bado lipo, nafasi itaongezeka sana. Tumia soketi yenye shingo ya kukunjika na ekstensheni ndefu. Nati ikianza kulika, simama, badilisha soketi iwe ya pembe sita. Baada ya nati hizo, fungua bolti zinazoshika pampu kwenye bloku, uvute pampu na nyumba yake kwa pamoja. Maji yaliyobaki yatamwagika, sogeza uso.

Kusafisha

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utafanya kazi yote mara mbili. Kwangua gasketi ya zamani na silikoni ya mafundi waliotangulia mpaka alumini ing'ae. Tumia plastiki au mbao. Bisibisi inaacha mfereji, na maji hupita kwenye mfereji huo huo. Mlango wa bomba la chuma, pale oringi inapokaa, husahaulika kwa sababu hauonekani: ingiza kidole, utasikia ukoko wa kutu kama magamba. Utoe kwa msasa laini, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukoko ukibaki, oringi mpya itavuja wiki ya kwanza na lawama ataibeba muuza pampu.

Kama maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia, pitisha maji safi kwenye rejeta na bloku sasa hivi, kabla ya kufunga pampu mpya.

Badilisha sili tatu. Kwa sili ya kamshafti utalazimika kutoa puli yake, irudishe kwa 54 Nm (kipimo cha nguvu ya kukazia, kinachosomwa kwenye spana ya toki). Zipake oili mdomoni, ziingie sawasawa na ukingo, zisizame zaidi.

Kufunga

10. Unganisha pampu na nyumba yake kwa gasketi mpya, 9 Nm. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono kwa reketi ndogo, bega halihusiki. Gasketi nzuri haihitaji silikoni. Ukisisitiza kuipaka, iwe utando mwembamba, kwa sababu kinachobinukia ndani hukatika na kwenda kuziba rejeta.

11. Vika oringi mpya kwenye nyumba na kwenye bomba la chuma. Ya bomba ipake maji ya sabuni, si grisi. Ingiza bomba kwanza bila kukaza nati zake, halafu kalisha pampu kwenye bloku, kaza bolti zake kidogo kidogo kwa zamu hadi 9 Nm, ndipo ukaze zile nati mbili kwa 9 Nm. Ukigeuza mpangilio huu, pampu itakaa upande na oringi itabanwa vibaya.

12. Weka thamostati mpya, kile kipini chake kinachocheza kikiwa juu. Kwenye magari mengi utakuta thamostati ilishatolewa, "kwa sababu nchi yetu ni ya joto". Irudishe. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kuchafua oili. Rudisha hozi ya chini.

13. Sasa, kabla ya kuficha chochote, jaza maji ya kawaida kwenye rejeta, usubiri nusu saa na tochi mkononi. Uvujaji wa pampu ukionekana hapa, unakugharimu saa moja badala ya siku nzima. Maji haya uyamwage baadaye.

14. Funga puli mpya: ile ya kawaida kwa 42 Nm, ya tenshena pamoja na springi yake, isukumwe na kukazwa kwa muda tu. Mikono iwe mikavu. Mkanda ukilowa oili au kulanti, uhesabu umeharibika. Usiukunje wala kuugeuza ndani nje.

15. Vika mkanda kwenye meno ya krenki na kwenye puli za chini. Puli ya pampu ya oili haina taimingi ya kutafuta, ikae itakavyokaa. Rudisha sahani ya kuongozea, kava ya chini na puli ya krenki, bolti yake 108 Nm. Rudisha krenki kwenye 0 na kamshafti kwenye alama yake, kisha maliza kuvika mkanda juu, ukibana upande usio na tenshena.

16. Legeza bolti ya tenshena nusu mzunguko ili springi ifanye kazi yake. Zungusha krenki kwa mkono, kwa upande wa mshale wa saa, mizunguko miwili kamili. Alama zote mbili zirudi sawasawa. Zisiporudi, toa mkanda, anza upya hatua ya 15, usijidanganye kwamba jino moja si kitu. Zikirudi, endelea kuzungusha taratibu mzunguko mmoja na saba ya nane (1⅞), krenki isimame nyuzi 45 kabla ya 0, kaza tenshena kwa 42 Nm. Usirudishe krenki nyuma hata kidogo, kwani mkanda utalegea upande usiotakiwa.

17. Rudisha kava ya juu, maunti, plagi, altaneta, mikanda ya nje, kizuia matope na tairi. Nati za tairi 103 Nm, gari likiwa chini.

Kujaza na kutoa hewa

Mwaga maji ya majaribio. Paki mbele ya gari ikiwa juu kidogo. Weka hita kwenye joto la mwisho, hata kama uko Tanga mwezi wa pili. Jaza kulanti polepole huku ukiminya hozi ya juu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri inavyoshuka, mpaka hozi ya chini ishike joto na feni iwake mara mbili. Funga mfuniko, ujaze chupa ya akiba hadi kwenye mstari. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia tena. Kushuka kidogo ni kawaida.

Ikigoma

*Injini haiwaki.* Kabla ya kushuku mkanda, angalia soketi za umeme ulizochomoa na waya za plagi kama hazikupishana. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

*Inawaka lakini haina nguvu, inatetemeka.* Mkanda umekosea jino. Toa kava ya juu, rudi kwenye alama.

*Mlio mwembamba unaopanda na mwendo.* Mkanda wa taimingi umekazwa kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu mtu alisukuma tenshena kwa bisibisi badala ya kuiachia springi. Mlio ukinyamaza unapotoa feni belti, basi ni wa altaneta au belti ya nje.

*Maji bado yanadondoka.* Asilimia kubwa ya lawama ni ile oringi ya bomba. Angalia kwa kioo kidogo na tochi chini ya manifodi. Tundu la pampu mpya likitoa matone machache siku ya kwanza kisha likakauka, liache. Likiendelea siku ya tatu, pampu ni mbovu.

*Geji ya joto inapanda na kushuka, hita inatoa baridi.* Hewa imebaki ndani. Rudia kutoa hewa injini ikiwa imepoa. Lakini kama hozi za hita zilishaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, jambo la kawaida kwa magari ya pwani, hita haiwezi kukupa jibu. Tumia joto la hozi ya chini.

*Inachemsha hata baada ya hewa kutoka, hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha ikiwa baridi.* Hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Pampu haihusiki tena, hapo unazungumzia gasketi ya hedi.